Namna ya Kusikia Fikra za Uchumi Ndani ya Maneno ya Mtu Aliyekata Tamaa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mweka hazina wa kikundi cha akiba, mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji), mhudumu wa afya wa kijiji, shehe, mchungaji, na yeyote ambaye watu humwendea jioni wakiwa na deni mkononi na maneno machache mdomoni. Hautamfanya msomaji kuwa daktari. Nia yake ni ndogo zaidi: kumzoeza msikilizaji kutambua kwamba mtu anaposema "mimi si kitu," mara nyingi hazungumzii ugonjwa peke yake wala umaskini peke yake. Ndani ya kauli hiyo kuna fundisho fulani kuhusu fedha, kazi na thamani ya binadamu, ambalo alilipokea zamani bila kuulizwa, na ambalo sasa limegeuka kuwa hakimu wake.

Ikiwa unasoma haya kwa sababu kuna mtu ambaye unahofia uhai wake sasa hivi, au kwa sababu wewe mwenyewe umechoka kuishi, ruka hadi sehemu yenye kichwa "Uliza waziwazi," na haya mengine uyarudie siku nyingine. Shirika la Mental Health Uganda hupokea simu bila malipo kwa nambari 0800 21 21 21, na nambari 116, inayojulikana kama Sauti, hupokea simu zinazohusu watoto walio hatarini.

Tenganisha tukio, tafsiri na ugonjwa

Chukulia waendesha bodaboda wawili wa Busia, waliochukua pikipiki kwa mkopo mwezi mmoja, wakashindwa kulipa kwa idadi ileile ya wiki, na wakanyang'anywa siku moja. Wa kwanza anafika kijiweni akisema, "Wamechukua pikipiki yao." Wa pili hafiki kijiweni kabisa, na anapopatikana nyumbani anasema, "Nimeshindwa kuwa mwanamume." Hasara yao ni moja hadi shilingi ya mwisho. Kinachowatofautisha ni kwamba kwa wa kwanza pikipiki imeondoka, na kwa wa pili ameondoka yeye mwenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msikilizaji ni kuyapanga mambo matatu akilini mwake kabla ya kufungua mdomo. Kuna tukio, yaani deni, kazi iliyopotea, mahindi yaliyokauka au ndoa iliyovunjika. Kuna tafsiri, yaani maana ambayo mtu amelipatia tukio hilo kwa kutumia mafundisho aliyolelewa nayo. Kisha huenda kuna ugonjwa, kwa mfano sonona, ambayo hujulikana kwa huzuni au kukosa hamu ya mambo yote kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kutoliwa, nguvu kuisha na mtu kujilaumu kupita kiasi. Tukio hushughulikiwa kwa hesabu na mapatano, ugonjwa hupelekwa kwenye kituo cha afya, na tafsiri hushughulikiwa kwa mazungumzo. Nimeona mara nyingi watu wema wakichanganya madawa: deni linaombewa, sonona inahubiriwa bidii, na mtu aliyevunjika moyo anapangiwa ratiba ya marejesho.

Mpango huu usikufanye udhani kwamba fikra ndiyo inayoua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba karibu robo tatu ya vifo hivyo, yaani asilimia 73, hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nyuma ya kila kimoja huwa kuna mambo mengi yaliyokutana: ugonjwa wa akili, pombe, maumivu ya mwili, ukatili wa nyumbani, msiba, upweke, na pia upatikanaji rahisi wa vitu vya hatari. Émile Durkheim, Mfaransa aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1897, alionyesha kwamba watu huwa hatarini zaidi pale kamba zinazowafunga na wenzao zinapolegea, na pale kanuni za maisha zinapovurugika ghafla, hata kama kuvurugika huko kumeletwa na utajiri. Wengi waliomfuata walimkosoa, na kwa haki, kwa sababu takwimu za mkoa au za nchi haziwezi kukuambia lolote la hakika kuhusu mtu mmoja aliyeketi mbele yako. Zibebe kama taa, usizitumie kama kipimo.

Jua fundisho lilitoka wapi

Mtu anayejihukumu kwa ajili ya umaskini wake huona hukumu hiyo kuwa kama mvua au jua, jambo ambalo limekuwako siku zote. Inasaidia sana msikilizaji akijua kwamba Uganda imebadilisha fundisho lake la uchumi mara kadhaa ndani ya umri wa mtu mmoja. Mzee aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa kijana mwaka 1969, Obote alipotangaza hati ya mtu wa kawaida, iliyosema kwamba mali ya nchi ni ya wote na kwamba serikali itaelekea upande wa kushoto. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1972, Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka, akaita jambo hilo vita vya uchumi, na maduka yao yakagawiwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuuza hata chumvi. Kisha ikaja serikali ya Museveni mwaka 1986, na mwaka 1987 ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia juu ya mpango wa kufufua uchumi. Shilingi ikakatwa sifuri mbili, na katika miaka iliyofuata soko la kahawa likafunguliwa, mashirika ya umma yakauzwa, na watumishi wa serikali, waliokuwa zaidi ya 300,000 mwaka 1990, wakapunguzwa hadi takribani nusu yake katikati ya muongo huo.

Sisemi kwamba njia hiyo ilikuwa mbaya tupu. Kwa hesabu za serikali, Waganda waliokuwa chini ya mstari wa umaskini walishuka kutoka asilimia 56 mwaka 1992/93 hadi asilimia 20 hivi mwaka 2019/20, na huo si mchezo. Lakini pamoja na soko huria ilikuja sentensi mpya, iliyobebwa na mpango mmoja wa serikali baada ya mwingine, kuanzia Bonna Bagaggawale (yaani "wote watajirike") hadi Emyooga na Mpango wa Maendeleo wa Parishi (parishi ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) uliozinduliwa Kibuku mwezi wa Februari mwaka 2022: kila kaya inaweza kutoka katika umaskini, nafasi imeletwa mlangoni, fedha imetengwa, shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka. Sentensi hii ina upande wake wa nyuma, usiotamkwa jukwaani lakini unaosikika vizuri nyumbani: basi asiyetoka amelala mwenyewe.

Fikiria mama aliyepata milioni moja ya parishi, akanunua nguruwe, na homa ya nguruwe ikapita kijijini ikawamaliza ndani ya wiki. Homa hiyo haina chanjo inayotumika kijijini wala haichagui zizi la mvivu. Hata hivyo mama huyu atakuja kwako akiwa na aibu, wala si hasira, kwa sababu fundisho alilonalo halina nafasi ya bahati mbaya. Ukijua hivyo, utakuwa na la kumwambia ambalo si kumbembeleza: kwamba kuna jambo moja lililotokea zizini na jambo jingine linalosemwa mikutanoni, na kwamba la pili halithibitishwi na la kwanza.

Sikiliza methali

Itikadi haziingii chumbani zikiwa zimevaa majina ya vitabuni. Mtu hatakuambia kwamba anaamini ubepari au kwamba amelelewa katika ujamaa wa ukoo. Atakuambia "mkono mtupu haulambwi." Atakuambia "dawa ya deni ni kulipa," au "mchumia juani hulia kivulini," au atanukuu Paulo kwamba asiyetaka kufanya kazi, na asile chakula. Methali ni hekima, lakini kila moja ina mahali pake pa kutumikia, na mtu aliyekata tamaa huwa ameishika moja tu na kuitumia kila mahali. "Mchumia juani hulia kivulini" ni maneno mazuri ya kumwamshia kijana alfajiri. Kwa mkulima ambaye amechumia juani miaka ishirini na kivuli hajakiona, maneno hayohayo ni shtaka.

Anapotamka methali au kauli ya namna hiyo, usimjibu kwa methali ya kupinga, ingawa Kiswahili hakikosi. Ikamate yake na uifungue polepole. Muulize nani alimwambia hivyo mara ya kwanza, na kwa jambo gani. Muulize kama angemwambia mdogo wake maneno hayo kama yeye ndiye angekuwa amenyang'anywa pikipiki. Mazungumzo huenda namna hii:

"Mzee, mimi ni mzigo tu. Wakinikosa watapumua."

"Watapumua akina nani, mwanangu?"

"Mke wangu. Watoto. Hata kaka yangu aliyenidhamini."

"Kaka yako alikuambia wewe ni mzigo?"

"Hajasema. Lakini mkono mtupu haulambwi, si ndiyo?"

"Mwaka ule kaka yako alipovunjika mguu akakaa miezi minne bila kazi, ulimwonaje?"

Hapo nyamaza. Usimalize sentensi kwa niaba yake. Kimya cha namna hiyo ni kigumu kwetu sisi tuliozoea kutoa nasaha, lakini ndani yake ndimo mtu husikia kwa mara ya kwanza kwamba sheria anayojihukumu nayo hakuitumia kwa ndugu yake. Zingatia pia kwamba neno "mzigo" lina uzito wa pekee: mtu anayeamini kwamba wapendwa wake watafaidika akiondoka anahitaji kuulizwa waziwazi kuhusu kujiua, siku hiyohiyo, kama sehemu inayofuata inavyoeleza.

Fundisho la mwanamume kuwa mleta chakula ndilo utakalolikuta mara nyingi zaidi. Duniani kote wanaume hufa kwa kujiua zaidi ya mara mbili ya wanawake, na hata kama sababu ni nyingi, ni vigumu kukaa na wanaume wa umri wa kati bila kusikia kwamba wamejipima kwa mfuko wa unga na ada ya shule. Kwa wanawake fundisho huwa na sura nyingine. Wapo ambao walibaki katika nyumba zenye kipigo kwa sababu kuondoka kulimaanisha ng'ombe wa mahari warudishwe, na baba hana tena ng'ombe. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, ingawa haikukataza mahari yenyewe. Mama asiyejua uamuzi huo hubaki amejifungia mlango ambao mahakama imeshaufungua. Mwambie, kwa maana hapa habari ya sheria ni sehemu ya huduma ya afya ya akili.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, ambako Kiswahili cha Kongo husikika katika kila kibanda, fundisho kubwa ni kujitegemea. Uganda inasifiwa, kwa haki, kwa kuwapa wakimbizi kipande cha ardhi na ruhusa ya kufanya kazi. Lakini mwaka 2023 chakula cha msaada kilipopunguzwa na kaya zikagawanywa kwa makundi ya uhitaji, neno hilo zuri lilianza kuchoma: aliyewekwa katika kundi lisilopewa chakula aliambiwa, kwa namna fulani, kwamba anajitegemea, huku shamba lake likiwa dogo na udongo umechoka. Msikilizaji wa huko asikubali neno "kujitegemea" lipite bila kuulizwa lina maana gani kwa nyumba hii, mwezi huu.

Uliza waziwazi

Wengi huogopa kwamba kutaja kujiua ni kumpa mtu wazo hilo. Utafiti haukuthibitisha hofu hiyo. Kuuliza kwa upole mara nyingi humpunguzia mtu mzigo, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza kuruhusiwa kusema. Uliza kwa maneno ya kawaida: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Usiulize "hufikirii mambo ya kijinga, eti?" kwa sababu swali hilo limeshaomba jibu la hapana. Akikubali, muulize kama amepanga namna na wakati, na kama amewahi kujaribu. Usionyeshe mshtuko, usimlaani, wala usimwapishe kwamba hatarudia.

Mwenye mpango hapaswi kuachwa peke yake hata kwa muda wa kwenda kuchukua maji. Hakikisha kuna mtu anayemwamini akaaye naye, ondoeni karibu yake vitu ambavyo angeweza kujidhuru navyo, na kwa nyumba za wakulima dawa za shamba ziwekwe chini ya kufuli nyumbani kwa jirani, bila kumfanya ajisikie mfungwa. Kisha msindikizeni hadi kituo cha afya cha ngazi ya nne au hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako kuna kitengo cha afya ya akili. Kesi nzito hupelekwa Butabika, Kampala, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoanza kazi mwaka 1955. Nasema msindikizeni, kwa sababu karatasi ya rufaa aliyopewa mtu aliyechoka kuishi hubaki mfukoni.

Kuna jambo la kisheria ambalo kiongozi wa kijiji lazima alifahamu. Sheria ya adhabu ya Uganda, yenye mizizi katika enzi ya Mwingereza, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Ghana iliondoa kosa kama hilo mwaka 2023, na nchini Kenya Mahakama Kuu ililitangaza kuwa kinyume cha katiba mwezi wa Januari mwaka 2025. Hiyo nayo ni itikadi iliyoandikwa kwenye karatasi: kwamba uhai wa mtu ni mali ya dola na anayeuchoka ameiba. Matokeo yake ni kwamba familia huficha, na kinachofichwa hakitibiwi. Ukiitwa nyumba yenye jambo hilo, hatua yako ya kwanza iwe kumfikisha mtu kituo cha afya, si kituo cha polisi.

Usimpe fundisho jingine la kumbeba

Sehemu hii nimeiandika kwa ajili yangu pia, kwa kuwa nimekosea humu. Ukishajua kwamba fikra ya "amelala mwenyewe" ni ya uongo, kuna kishawishi kikubwa cha kumwambia mtu kwamba kosa lote ni la serikali, la mabepari, au la wakopeshaji. Kwa muda wa saa moja atajisikia mwepesi. Kesho atagundua kwamba umemnyang'anya hata kile kidogo alichokuwa na uwezo nacho, kwa sababu mtu ambaye mambo yake yote yako mikononi mwa wakubwa wasiofikika hana sababu ya kuamka asubuhi. Kilicho cha haki na chenye msaada ni kugawanya: hili lilikuwa kosa lako, hili lilikuwa hesabu mbaya ya mkopo wenyewe, hili lilikuwa ukame. Chora hata mistari mitatu mchangani ikibidi. Watu wengi hushangaa kuona mstari wao ulivyo mfupi.

Viongozi wa dini wana nafasi kubwa hapa na hatari kubwa vilevile. Mafundisho ya kwamba imani huonekana kwa gari na nyumba yameenea sana mijini, na yule aliyetoa sadaka ya mbegu akabaki maskini huhesabiwa, au hujihesabu, kuwa mwenye imani pungufu. Kwa Wakristo, kitabu cha Ayubu kinatosha: rafiki zake waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na walikuwa sahihi siku zote hizo saba, makosa yao yalianza walipofungua vinywa kueleza kwa nini mali yake imepotea. Tena Eliya, alipoomba afe chini ya mti, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji na kumwacha alale, mara mbili, ndipo safari ikazungumzwa. Kwa Waislamu, aya ya 53 ya Suratu Zumar inawakataza waliojidhulumu wenyewe kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu, na shehe anayeisoma kwa sauti ya kukaribisha, bila kuanza na orodha ya dhambi, anafanya kazi ambayo kliniki haiwezi kuifanya.

Wala usimnunulie mtu maneno pale anapohitaji fedha. Nchini Indonesia, watafiti waliofuatilia mpango wa kuzipa kaya maskini fedha taslimu waliona kujiua kumepungua kwa asilimia 18 katika maeneo yaliyofikiwa. Mazungumzo mazuri juu ya maana ya deni hayapunguzi deni. Nenda naye kwa mkopeshaji, omba muda mrefu zaidi, omba riba isimamishwe, kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Anayeona mtu mwingine akitetea jina lake mbele ya mkopeshaji hujifunza kuhusu thamani yake jambo ambalo nasaha za jioni tatu hazimfundishi.

Rekebisha kanuni za kikundi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwauliza watu wa Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, ni maradhi gani yaliyoongezeka baada ya ukimwi. Watu walitaja moja kwa jina la Kiganda, okwekyawa, yaani kujichukia. Halafu vijiji 30 vikashirikishwa katika jaribio, ambamo watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi waliongoza vikundi vya mazungumzo vya wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: katika vijiji vilivyopata vikundi, waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, ilhali katika vijiji vingine walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7 tu. Huko kaskazini, Profesa Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake wameonyesha faida ya vikundi vinavyounganisha mazungumzo ya huzuni, namna ya kutatua matatizo, na ujuzi wa kujipatia kipato, kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Maana yake kwa msomaji wa mwongozo huu ni kwamba chombo unacho tayari. Kikundi cha akiba kinachokutana kila Jumapili chini ya mwembe ni nusu ya tiba, mradi kisiwe pia nusu ya ugonjwa.

Kikundi nilichokuwa mweka hazina wake kilikuwa na desturi ya kusoma majina ya wadaiwa kwa sauti mwishoni mwa kila mkutano, na kuwaachia wanachama kucheka. Tuliona kwamba inasaidia fedha kurudi, na kweli zilirudi. Ilituchukua mwaka kugundua kwamba watu wenye shida kubwa walikuwa wameacha kuja, na kwamba waliobaki walikopa nje kwa riba kubwa ili jina lisisomwe. Tulibadilisha kanuni tatu. Majina hayasomwi, mdaiwa hutembelewa na watu wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na mdaiwa mwenyewe. Anayekosa mkutano mara mbili mfululizo hutembelewa kwa swali la afya kabla ya swali la fedha, na mgeni haruhusiwi kutaja deni siku hiyo. Na mfuko wa jamii, ule wa misiba na magonjwa, uliandikwa upya ili usafiri wa kwenda kliniki ya afya ya akili uhesabiwe kuwa ugonjwa kama malaria, jambo lililozua mabishano marefu kuliko yote mawili ya kwanza, kwa sababu mzee mmoja alishikilia kwamba huzuni si ugonjwa, ni uvivu wenye machozi. Aliachwa aseme yote. Mke wake ndiye aliyemjibu, na kura zikapigwa.

Kama kikundi kimempoteza mwanachama kwa kujiua, kanuni zinahitajika zaidi. Katika jamii nyingi za Uganda aliyekufa hivyo alizikwa bila heshima za kawaida, na familia ikabaki na doa. Kikundi kinachohudhuria maziko kwa idadi ileile na kutoa rambirambi ileile kinavunja doa hilo bila hotuba. Msieleze namna alivyokufa, msimtangaze kuwa shujaa, wala msitafute sababu moja ya kumtupia mtu. Deni lake lisizungumzwe mbele ya mjane mpaka arobaini ipite, na likizungumzwa, lizungumzwe na yule aliyechaguliwa na familia. Wanaobaki, hasa watoto na ndugu wa umri wake, watembelewe kwa mwaka mzima, kwa maana wao wenyewe sasa wako hatarini zaidi.

Kwa yule aliye hai, ambaye ulimsikiliza na kumsindikiza, tambua mapema siku ambayo hatari inaweza kurudi. Mara nyingi si siku ya huzuni kubwa bali siku ya rejesho, siku shule inapofunguliwa, au siku anapotoka hospitali na kila mtu anadhani amepona. Iandike kwenye daftari lako la akiba, upande wa nyuma. Asubuhi ya siku hiyo mpitie, kaeni mnywe chai, na kama anakwenda kulipa, nenda naye hadi mlangoni.